Kwenda Kazini kwa Moyo Mkunjufu

Wahenga walisema kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Maana yake ni kuwa hata kazi iliyo duni ina heshima na faida kuliko mchezo ulio mtamu. Methali hii ni ya kweli, nasi tumeirithi na kuwafundisha watoto wetu shuleni. Lakini zipo ofisi, viwanda na vituo ambamo methali hii imefanywa kisingizio. Mkuu huwataka walio chini yake wanyamaze na kuvumilia kila jambo, kwa sababu ati kazi ni kazi. Matokeo yake ni kwamba mtu huondoka nyumbani asubuhi akiwa mzima, hurudi jioni amenuna, na wanaoipokea hasira yake si yule aliyemwudhi, bali ni mkewe na watoto wake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, suala la kupafanya mahali pa kazi pawe mahali ambapo mtu huenda kwa hiari ya moyo wake si suala la wakubwa peke yao. Ni suala la kila nyumba inayokula kwa mshahara.

DAFTARI LA MAHUDHURIO

Kabla sijawashauri wengine, yanipasa kuungama kosa langu mwenyewe. Baada ya kufundisha shule ya msingi kwa miaka kadhaa nilihamishiwa katika ofisi moja ya wilaya. Niliwekwa juu ya watu watatu: mpiga taipu, karani wa majalada, na tarishi mmoja mzee aliyekuwa akizifahamu shule zote za wilaya ile pamoja na njia zake za mkato. Nilikuwa bado kijana, na nilitaka wakubwa wangu waone kwamba nimeleta utaratibu. Basi nilinunua daftari la mahudhurio, na kila siku ilipotimia saa mbili kamili asubuhi nilipiga mstari kwa wino mwekundu. Aliyetia sahihi chini ya mstari huo alihesabiwa kuwa amechelewa.

Katika wiki moja yule mzee alichelewa siku tatu. Siku ya tatu nilimkemea mlangoni, mbele ya watu waliokuja na shida zao. Alivua kofia yake, akasema, "Nimekosa, Mwalimu," akaenda kuchukua barua zake. Adhuhuri mpiga taipu alinijia na kuninong'oneza kwamba mjukuu wa mzee huyo alikuwa amelazwa hospitali, na kwamba kila alfajiri mzee alimpelekea uji kwa miguu kabla ya kuja kazini.

Nilimwita nikamwuliza, "Mzee wangu, mbona hukusema?"

Akanijibu kwa upole, "Nilidhani hapa twaulizwa saa tu, Mwalimu."

Nilimwomba radhi, lakini nilimwomba radhi faraghani, hali nilikuwa nimemfedhehesha hadharani. Mtoto alipona. Baada ya miezi miwili mzee aliandika barua ya kuomba uhamisho, akakubaliwa. Alipoondoka ndipo nilipojua thamani ya mtu niliyempoteza. Tarishi mpya hakuzijua njia. Barua ya mwalimu mmoja iliyohusu malimbikizo ya mshahara wake ilizunguka wiki tatu kabla ya kumfikia, na mwalimu huyo alikuwa na watoto wenye kudaiwa ada. Wino wangu mwekundu ulikuwa umeleta hasara kwa mtu ambaye hata sikumjua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kusoma habari za wale waliojaribu, huko na huko duniani, kuleta maelewano baina ya kazi na mfanyakazi. Nimeona kwamba jambo hili si geni, wala si anasa ya matajiri.

MFANO WA NEW LANARK

Mwaka 1800 Robert Owen, mzaliwa wa Wales, alishika uongozi wa viwanda vya kusokota pamba katika kijiji cha New Lanark, nchini Scotland. Zama hizo watoto wadogo walifanya kazi viwandani kutwa nzima, na wafanyakazi walitumikishwa saa nyingi kupita kiasi. Owen alikataa kuajiri watoto walio chini ya umri wa miaka 10. Alipunguza saa za kazi, na akafungua duka lililouza vyakula na nguo kwa bei iliyokaribiana na ile ya kununulia. Mwaka 1816 alifungua chuo ambamo watoto wa wafanyakazi, hata wale wadogo kabisa, walifundishwa.

Hata hivyo, mwanzoni wafanyakazi hawakumwamini. Walimwona kuwa mgeni aliyekuja kuwakamua. Imani yao aliipata siku ya shida. Marekani ilipozuia bidhaa zake kwenda nje, pamba ikaadimika na bei yake ikapanda, Owen alisimamisha mitambo kwa muda wa miezi minne. Waajiri wengine katika hali kama hiyo waliwafukuza watu wao. Yeye aliendelea kuwalipa mshahara kamili, nao wakawa wanaisafisha mitambo na kuitunza. Kuanzia hapo hapakuwa na haja ya kuwashawishi kwa maneno.

Wala tusidhani kwamba Owen alifilisika kwa wema wake. Viwanda vile vilimletea faida nzuri yeye na wenzake, navyo viliendelea kufanya kazi hadi mwaka 1968. Mwaka 2001 kijiji hicho kiliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

DOLA TANO ZA HENRY FORD

Mfano wa pili watoka Marekani. Mwaka 1913 Henry Ford, mtengenezaji wa magari, alianzisha katika kiwanda chake cha Highland Park, jimbo la Michigan, utaratibu wa gari kupita mbele ya wafanyakazi, kila mmoja akifunga kipande chake kimoja tu. Magari yalitoka kwa wingi, lakini watu walichoka upesi kwa kurudia tendo lile lile kutwa kucha, wakaondoka. Katika mwaka huo mmoja kampuni ililazimika kuandika watu zaidi ya 52,000 ili kubaki na wafanyakazi wapatao 14,000. Hebu fikiri gharama ya kumfundisha kila mgeni, kisha kumwona akiondoka!

Mnamo Januari 1914 Ford alitangaza kwamba mfanyakazi anayestahili atalipwa dola 5 kwa siku, zaidi ya maradufu ya ujira wa awali, na saa za kazi zikapunguzwa kutoka 9 hadi 8. Watu walifurika kwenye lango la kiwanda kutafuta kazi, na tabia ya kuondoka ondoka ikapungua mno. Hapa twathibitisha ule usemi wa kwamba mkono mtupu haulambwi. Mkuu asiyewalipa watu wake, au anayechelewesha haki yao, asitarajie kuwaridhisha kwa hotuba.

Lakini fedha ina mpaka wake. Ili kuzipata dola zile tano, mfanyakazi alitakiwa akubali wakaguzi wa kampuni waingie nyumbani kwake kuona kama ni safi, kama hanywi pombe, na kama anaweka akiba. Wengi waliudhika kwa kuchunguzwa kama watoto. Miaka ilivyopita, ukali wa wasimamizi ulizidi, na mwaka 1937 viongozi wa chama cha wafanyakazi walipigwa na watu wa kampuni nje ya kiwanda kingine cha Ford. Chama hicho hakikutambuliwa na Ford hadi mwaka 1941. Mshahara mnono uliwavuta watu mlangoni, lakini haukutosha kuwapa amani waliokwisha kuingia ndani.

TAA ZA HAWTHORNE

Mfano wa tatu ni mashuhuri miongoni mwa wanaojifunza uongozi. Karibu na mji wa Chicago palikuwa na kiwanda kikubwa cha vifaa vya simu kilichoitwa Hawthorne. Kati ya mwaka 1924 na 1932 wachunguzi walifanya majaribio humo. Kwanza walitaka kujua kama mwanga mwingi huongeza kazi. Waliongeza taa, kazi ikaongezeka. Jambo la kushangaza ni kwamba katika baadhi ya majaribio walipunguza taa, na kazi haikushuka kama walivyotazamia.

Kisha, mwaka 1927, waliwatenga wanawake wachache katika chumba kimoja. Waliwapa vipindi vya mapumziko, wakawapa chakula kidogo cha asubuhi, wakawapunguzia saa, na mara kwa mara wakawauliza maoni yao. Kazi ilizidi kuongezeka, na hata nafuu zile zilipoondolewa kwa muda, haikurudi katika hali ya zamani. Baadaye wafanyakazi zaidi ya 20,000 walihojiwa na kuachwa waseme yaliyo moyoni mwao.

Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi juu ya maana ya majaribio hayo. Wako wanaosema kwamba malipo na mapumziko ndiyo yaliyoleta tofauti. Wako wanaoshikilia kwamba watu wale walifurahi kwa sababu, kwa mara ya kwanza, mtu aliwauliza neno na kusikiliza jibu. Mimi si mtaalamu, lakini nikimkumbuka yule mzee na uji wake, sioni sababu ya mkuu yeyote kungoja ubishi huo umalizike ndipo aanze kuwasikiliza watu wake.

FUNZO KUTOKA KWA JIRANI

Hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta ushahidi. Mwezi Februari 1971 chama cha TANU nchini Tanzania kilitoa Mwongozo. Ibara yake ya 15 iliwakataza viongozi wasiwe na kiburi, dharau wala uonevu. Maneno hayo yaliwafikia wafanyakazi wa viwandani, wakayashika. Katika miaka iliyofuata hadi 1973 palitokea migomo mahali pengi, na mingi kati yake haikuwa ya kudai nyongeza ya mshahara. Watu walilalamikia mameneja waliowatukana, waliowapuuza na waliotumia mali ya umma kama yao.

Wakuu wengine walistaajabu. Walidhani ukimya wa miaka yote ile ulikuwa ni ridhaa. Ukimya wa mfanyakazi ni kama ukimya wa mtungi uliotiwa ufa: hausikii sauti yoyote, mpaka siku utakapokuta maji yamekwisha.

MAMBO YA KUTENDA

Kutokana na mifano hii, na kutokana na kosa langu, naona mambo matano ambayo mkuu wa idara, wa shule au wa kituo aweza kuyatenda hata kama fungu lake la fedha ni dogo.

Kwanza, amjue mtu kabla ya kumhukumu. Mfanyakazi hodari akianza kuchelewa au kukosea, aulizwe faraghani nini kimemsibu. Huenda ni mvivu, na huenda ana mgonjwa. Swali halina gharama.

Pili, kukemea kuwe kwa siri na kusifu kuwe kwa dhahiri. Wengi wetu hutenda kinyume. Kosa hutangazwa mbele ya wageni, na kazi njema hupita kama upepo.

Tatu, mtu aelezwe maana ya kazi yake. Karani anayejua kwamba karatasi iliyo mbele yake ni pensheni ya mjane hataiacha mezani kama yule anayeiona karatasi tu.

Nne, mambo madogo ya mwili yasidharauliwe. Maji safi ya kunywa, choo chenye mlango, kiti kisichovunjika, dirisha linalofunguka na chai ya saa nne ni sehemu ya kazi. Anayekaa kutwa mahali pachafu huamini kwamba ndivyo anavyothaminiwa.

Tano, haki zilizoandikwa zitolewe bila ya kubembelezwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya siku saba kwa kila miezi minne ya kazi, siku 60 za kazi kwa mama aliyejifungua, na siku 4 za kazi kwa baba aliyepata mtoto. Mkuu anayemtolea mtu likizo yake kana kwamba anamfadhili kutoka mfukoni mwake hufanya haki ionekane kama sadaka.

KATIKA KAMBI NA VITUO VYA POLISI

Huenda afande mmoja akasema, "Hayo ni ya makarani. Jeshini kuna amri." Ni kweli. Sheria niliyoitaja hapo juu haikuwekwa kwa ajili ya wanajeshi, ambao wana sheria zao wenyewe. Askari hapigi kura juu ya amri, wala lindo haliwezi kuachwa wazi kwa sababu mlinzi hana furaha. Lakini amri ni kitu kimoja, na matusi ni kitu kingine. Amri iliyotolewa kwa sauti thabiti na maneno safi hutiiwa vile vile, na mara nyingi hutiiwa vizuri zaidi.

Zamu za malindo ya usiku zigawanywe kwa usawa, na orodha yake ibandikwe mapema, ili askari ajue ni usiku upi atakuwa na jamaa zake. Anayeomba ruhusa kwenda kuzika ajibiwe upesi. Akikataliwa, aambiwe sababu kama mtu mzima. Sajini ayajue majina ya vijana wake na shida zao kubwa, kwa maana mtu aliyebeba bunduki na huzuni isiyojulikana ni hatari kwake na kwa wenzake. Ni desturi ya zamani katika majeshi mengi kwamba wakiwa nje kambini, ofisa hungoja askari wake wale kwanza ndipo naye apakue. Desturi hiyo haina gharama yoyote, nayo hufundisha kuliko gwaride la kutwa.

Wahenga walisema ukubwa ni jaa, maana kila taka hutupwa hapo. Mwenye cheo asichukie kuletewa malalamiko. Siku malalamiko yatakapokoma kumfikia, asifikiri kwamba yamekwisha. Yamehamia kwingine.

NYUMBANI NAKO

Nyumba na kazi ni mafiga ya jiko moja. Mtu akirudi kutoka zamu, apewe nafasi ya kunawa na kunywa maji kabla ya kuelezwa kwamba unga umekwisha na karo inadaiwa. Lakini naye aliyerudi asiingie na hasira ya bosi wake kama viatu vyenye matope. Aiache nje. Kama jambo limemwelemea, na amweleze mwenzake kwa utaratibu, kwani mke au mume akijua kisa hatadhani kwamba kununa kule ni kwa ajili yake.

Tena tukumbuke kwamba katika nyumba nyingi siku hizi mama naye hutoka kwenda kazini, ama ofisini, ama sokoni, ama zahanati. Yeye naye hurudi amechoka, na hapo jikoni humngoja kazi ya pili. Baba anayelalamika kuwa bosi wake hamjali, kisha akaketi akingoja kuandaliwa chakula na mtu aliyechoka kama yeye, ajitazame vizuri. Watoto huona yote hayo. Kutokana nasi wanajifunza kama kazi ni heshima ama ni adhabu.

Na mfanyakazi mwenyewe asijione kuwa hana jukumu. Mahali pa kazi hapawi pazuri ikiwa kila mtu angoja salamu na hakuna anayeianza. Majungu, wizi wa muda na kumcheka mwenzio aliyekosea huharibu ofisi kama vile ukali wa mkuu uharibuvyo. Mgeni anapoanza kazi, aonyeshwe mahali pa kuketi, na choo, na mahali pa kununua chai. Siku yake ya kwanza hataisahau.

Katika ofisi yetu lile daftari bado lipo, kwa sababu utaratibu ni lazima. Ila wino ni wa kawaida, na pembeni pana nafasi ya kuandika sababu. Kila Jumatatu, kabla milango haijafunguliwa, tunaketi pamoja dakika kumi, na kila mmoja hueleza kazi aliyo nayo na kizuizi alicho nacho. Siku nyingine hakuna lenye uzito. Siku nyingine dakika hizo kumi zimetuepusha na mwezi mzima wa fadhaa.

Yule mzee nilikutana naye mwaka uliopita kwenye kituo cha mabasi, akanisalimu bila kinyongo. Nilimwuliza habari za mjukuu. Akasema yuko darasa la tatu na anajua kusoma. Nilimwuliza habari za ofisi yake mpya. Akacheka, akasema kwamba siku hizi hufika mapema kuliko mwenye funguo, akaketi kwenye ngazi kumngoja.

Nilifurahi kwa ajili yake, na niliona haya kwa ajili yangu. Miguu ni ile ile, na umri umezidi. Tofauti ni kwamba huko anakokwenda anajua kuna mtu atakayemwuliza, "Mzee, mmeamkaje nyumbani?"